Ugonjwa Niliomsingizia Ng'ombe

Ogwedhi,
Jumapili alasiri.

Mdogo wangu Akoth,

Nakusalimu kutoka huku tulikohamia baada ya mbung'o kutumalizia mifugo. Mimi mzima, isipokuwa magoti. Huko Lambwe mvua imenyesha? Miaka yote hii, bado hakuna udongo unaonukia kama wa kwetu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwamba majimaji yanakutoka ukeni, yananuka, yana matone ya damu, wewe uliyekoma hedhi kabla mwanao hajaoa. Kwamba unajiosha ndani kwa ndimu na chumvi, na kanisani umehamia benchi la mlangoni. Akoth, ndimu hiyo iache leo. Sikucheki. Mwaka jana niliwashwa mpaka nikashindwa kukaa, na dawa yangu ilikuwa sabuni ya kufulia.

Hatimaye nilikwenda zahanati. Muuguzi wa kike yuko likizo, na mezani ameketi nani? Otieno, mume wa binti yangu! Mkwe ambaye kwa mila zetu hata chai hatujanywa pamoja. Yeye akageukia ukuta, mimi nikageukia mlango.

"Mama, kuna shida?" akauliza ukutani.

"Si mimi. Ni ng'ombe. Anawashwa huko nyuma."

"Ana umri gani?"

"Sitini na minane."

Akakohoa kwa muda mrefu. "Anatokwa na majimaji?"

"Meupe, mazito, kama maziwa yaliyoganda."

"Anaoshwa na nini?"

"Sabuni ya kipande."

"Mpaka ndani?"

"Ni ng'ombe msafi sana, Otieno."

"Hapo ndipo penye shida, Mama. Ndani hujisafisha penyewe. Sabuni inaua vijidudu vyema vinavyopalinda. Aoshwe nje tu, kwa maji matupu. Ana damu?"

"Hana."

"Afadhali. Aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, hangoji. Anapimwa mlango wa kizazi na mji wa mimba. Huyu wako muuguzi atamwona Jumatatu. Na Mama, asiletwe kwa kamba."

Jumatatu nilikwenda. Muuguzi akanipima, akasema ni fangasi, akanipa dawa, nikapona. Otieno mpaka leo hajanitazama usoni, lakini kila mara humtuma binti yangu aniulize kwa heshima kama mifugo haijambo.

Lakini wewe una damu, Akoth. Huenda ni ukavu wa uzee tu. Huenda ni saratani, na ikiwahiwa hutibika. Mimi sijui, na ndimu haijui. Nimempigia mke wa mwanao. Barua hii utaipata kesho kwa matatu; Jumanne asubuhi atakupeleka hospitali ya Homa Bay. Ameuliza kama utakataa. Nimemwambia ukikataa, barua yako nitamtumia mwenyekiti wa akina mama kanisani aisome baada ya matangazo.

Nisalimie shemeji, siku hiyo ajipikie. Wajukuu wa kike waambie ule ute wao mweupe au wa kuvutika, usionuka vibaya wala kuwasha, si uchafu bali ni mwili kufanya kazi yake. Mchungaji msalimie, bila maelezo.

Huku kila mtu ananiita Mama au Nyanya. Umebaki wewe peke yako duniani wa kuniita Apondi. Nenda, tafadhali.

Dada yako,
Apondi