Ini la Bunju Lililoibwa Jikoni Kwangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kuwabara Tokie
Umri: Miaka 63
Kazi: Mpishi wa bunju mwenye leseni, mwaka wa 34 sasa
Makazi: Ghorofani juu ya mkahawa wake, Naniwa, Osaka
Tarehe: 15 Januari 2019, saa nne asubuhi

Nimeonywa niseme kweli. Sikuhitaji kuonywa.

Mnamo tarehe 14 Januari 2019, saa tano na nusu asubuhi, aliingia mkahawani kwangu Bwana Shirakata Daigo, mwongoza watalii, akiwa na wageni watano, wazee wa kutoka Akita. Alisema asubuhi hiyo amewalisha mabuu ya nyigu, kisha akawavalisha mavazi ya sumo yaliyojazwa pamba wakasukumana matumbo. Hayo si kosa. Mtu akisafiri acheke.

Nikiwa nakata bunju, samaki ambaye ini lake huua, aliegemea kaunta.

“Mama, hawa nimewaahidi ini.”

“Ini ni sumu. Sheria imekataza.”

“Kidogo tu, jamani. Ulimi uwashewashe. Ndiyo raha yenyewe.”

“Raha hiyo kaitafute kwa mama yako.”

Nilisema hivyo, na siombi radhi.

Maini huwa nayatia kwenye ndoo yenye kufuli. Saa sita na dakika tano mchana, maini matatu yakiwa bado kwenye sinia, chungu cha mchuzi kilifurika, nikageuka kukiepua. Hilo ni kosa langu, na liandikwe. Niliporudi, ini moja limeibwa.

Nilikimbilia mezani. Shirakata alikuwa ameshameza kipande huku akijipiga picha. Kipande kingine kilikuwa kwenye vijiti vya Mzee Nukaga Isamu, dereva wa treni mstaafu, kimefika mdomoni. Nilimpiga mkono kwa upawa. Kipande kilianguka, kidole chake kikavunjika.

Nilimwambia Shirakata atapike. Akacheka. “Mama anaogopa kufungiwa duka!” Nilipokuwa kwenye simu nikiita gari la wagonjwa, aliwatoa wageni wake nje. Mzee Nukaga peke yake ndiye aliyebaki, ameshika kidole chake. Gari lilifika, mgonjwa hayupo. Nikafunga mkahawa, nikaenda kumtafuta mitaani na aproni yangu kiunoni, nikiuliza mlango kwa mlango.

Nilimpata saa saba kasoro dakika kumi, kwenye nyumba ambako wageni hulipa kushika bundi. Alikuwa na bundi mkononi. Midomo ilikuwa haitii tena.

“Mama... mi m’zima.”

Akaanguka. Nilipiga simu tena.

Aliyekula sumu ya bunju hupooza mwili, lakini husikia kila neno. Najua, kwa sababu mwaka 1981 nilimwona kaka yangu akifa hivyo, machozi yakimtoka na uso hautikisiki. Basi pumzi ya Shirakata ilipokatika, niliweka mdomo wangu juu ya mdomo wake nikampumulia dakika tisa, mpaka gari likafika. Kati ya pumzi na pumzi nilimwambia sikioni, “Usithubutu kufa, mpumbavu wewe. Usithubutu.”

Leo asubuhi nimeambiwa yuko hai, anapumua kwa mashine. Nimeambiwa pia kwamba kampuni yake imeandikisha hapa kituoni kuwa ini niliwapakulia mimi, kama zawadi ya mpishi. Mimi! Nimekata bunju miaka thelathini na nne na sijazika mteja hata mmoja. Leo mlango wangu umebandikwa karatasi ya kufungwa, na majirani wanapita wakiisoma.

Mzee Nukaga yuko nje kwenye benchi. Amekataa kurudi Akita na wenzake mpaka naye asikilizwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Sina la kupunguza.

Sahihi: Kuwabara Tokie

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Mizoguchi, na kumsomea shahidi. Alikataa kutia sahihi kwa sababu niliandika ini “limechukuliwa.” Nimelikata neno hilo na kuandika “limeibwa.” Ndipo akatia sahihi.