Papa, Saini Yako Bado Inanifunga

Kwako Papa,

Leo nimepita mbele ya chumba ulichokuwa ukishonea, pale sokoni Kamembe. Siku hizi wanauza simu. Nilisimama kidogo, mwenye duka akadhani nataka kununua, nikaona haya nikaondoka.

Unaikumbuka siku ulipofunga cherehani mchana kweupe ili unisindikize kwa patron, mkuu wa kliniki? Kliniki ya macho ilikuwa inanipeleka Kigali nikasomee kupima macho na kukata vioo vya miwani, karo yote juu yao. Sharti lilikuwa kwamba nikirudi niwafanyie kazi miaka sita, na nikiacha kabla, nirudishe pesa yote. Tena walitaka mdhamini. Ulivaa kanzu ya Idi, ukaketi wima kama bwana harusi, na patron alipokuuliza kama umeelewa, ukamjibu: "Mutoto yangu akishindwa kulipa, mukuje kwangu. Mimi niko muntu ya neno moja." Ukaweka saini polepole, nami nikajivuna kukuona.

Miwani ya kwanza niliyoikata ilikuwa yako. Uliivaa ukatazama barabara nzima, ukacheka: "Sasa ninaona mpaka zambi za majirani!" Wiki nzima uliwasumbua wateja kwa kuwasomea kila kibao cha duka.

Kisha ukatutoka. Siku ya maziko, kabla hujaswaliwa, kaka Saidi alisimama mbele ya watu kama ilivyo desturi yetu. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nikamsikia: "Muntu yeyote mwenye anamudai mzee wetu, akuje kwetu." Hakuna aliyekudai hata kifungo cha shati. Wanawake walinishika mikono wakaniambia nina bahati, baba yangu ameondoka mwepesi. Nililia zaidi, maana nilijua siku nitakayoacha kazi na kushindwa kulipa, deni litakufuata wewe kaburini.

Sasa Yusufu, mume wangu, amepata kazi Kigali. Amekwenda na mjukuu wako Zuhura, kwa sababu mimi natoka kazini jua limezama na hapa hakuna wa kumshika. Analelewa na wifi yangu. Juzi aliniambia kwenye simu: "Maman amenisuka nywele." Nikamuuliza, maman gani? Akasema: "Maman ya hapa. Wewe uko Maman ya Kamembe." Nilicheka ili asijue kuwa nimeumia.

Nilikwenda kumwomba patron aniachie kabla ya ile miaka sita kwisha. Hakunifokea. Alinipa maji ya kunywa, akasema anasikitika, lakini karo ni karo, na nikishindwa atawafuata warithi wa mdhamini. Mshahara wangu unaishia kwenye kodi na chakula. Pesa ile siwezi hata kuiota. Shehe aliniambia hudaiwi kitu maadamu nabaki kazini, akadhani amenifariji. Saidi yeye anasema: "Dada, enda kwa mutoto yako. Muntu mwenye amekufa hana deni ya makaratasi." Kwake ni rahisi. Si yeye aliyekupeleka ukaketi mbele ya patron.

Kila nikitaka kuandika barua ya kuacha kazi, nakufikiria umelala huko na deni ambalo si lako, limekuangukia kwa sababu ulinipenda. Na nisipoiandika, Zuhura anakua bila mimi. Dawa ya deni ni kulipa, na mimi sina cha kulipia. Nimekwama, Papa.

Ungekuwa hai ungeniambia, "Enda, binti yangu, tutalipa polepole," nami ningepanda basi asubuhi hiyo hiyo. Ruhusa hiyo hakuna mwingine anayeweza kunipa. Shehe hawezi, Saidi hawezi, Yusufu hawezi. Naingoja kwako, na najua haiji, na kesho saa mbili nitafungua kliniki.

Mungu akupe nuru hapo ulipo.

Ni mimi, binti yako wa pekee.