Jino Ulilolitolea Ushuhuda

Mpendwa Mama Moraa,

Watu wengi hukosea hapa: jino likiacha kuuma, hudhani limepona. Nawe ulidhani hivyo, nami niliyefundisha sayansi hadi nikastaafu nikakuunga mkono.

Unakumbuka lilivyoanza? Tulikuwa Keroka, ukitafuna mahindi ya kuchoma, gego la chini likameguka. Siku nyingi ulikula kwa upande mmoja na kusukutua maji ya chumvi. Nilipokuhimiza uende hospitali ulinicheka: "Mwalimu, wewe mwenyewe ukiona sindano unajificha nyuma ya ng'ombe!" Halafu asubuhi moja uliamka bila maumivu, ukakoroga uji wa wimbi ukiimba. Sabato iliyofuata ulisimama kanisani, ukagusa shavu, ukasema, "Bwana amenigusa hapa." Watu wakapiga makofi. Mimi, mzee wa kanisa, nilipiga kuliko wote.

Baadaye kijipu kikatokea kwenye ufizi, kikapasuka, kikarudi. Ulinionyesha jikoni, mlango umefungwa.

"Nikienda kwa daktari, wale walionisikia watasema nini?"

Ningekwambia kwamba Mungu haaibiki mtu wake akitibiwa. Badala yake nilisema, "Tungoje kidogo."

Uvimbe uliposhuka chini ya taya, hukuweza kumeza hata mate. Tulifika hospitali ukivuta pumzi kwa shida. Hukurudi nyumbani Nyansiongo ukiwa hai.

Mwaka huu gego langu nalo limeuma. Nilikwenda mjini Nyamira, na daktari, binti wa rika la Moraa wetu, akanieleza, nami nikasikiliza kama mwanafunzi. Ndani ya jino mna nyama laini yenye neva. Uozo ukiifikia, huuma sana. Ikifa, maumivu hukoma, lakini ugonjwa huendelea kushuka kwenye mizizi mpaka mfupani. Ukimya ule ni wa kifo, si wa uzima. Alinidunga ganzi, akatoboa jino, akasafisha mizizi kwa vyuma vyembamba kama sindano, akaiziba, na baadaye akalivika jino kofia ngumu ya kulikinga.

"Mzee, mbona unalia? Unasikia uchungu?"

"Hapana, daktari. Sisikii chochote."

Hilo ndilo lililoniliza. Ungeweza kutibiwa hivi hivi, ukarudi nyumbani ukinicheka.

Jana Moraa alinipigia simu kutoka Kisii. "Baba, lile jino langu limeacha kuuma lenyewe. Mungu ni mwema!" Nikamwambia aende likaangaliwe. "Aa, Baba nawe! Sasa kama haliumi, natibu nini?" Nikamuaga upesi, kwa sababu watoto wetu hawajui kilichokuua. Niliwaambia ni koo lililokuua. Hata kwenye mazishi nilisema hivyo, nikidhani nauhifadhi ushuhuda wako, kumbe nilikuwa nahifadhi yale maneno yangu mawili ya jikoni.

Nisamehe kwa kuifichua siri hii; barua hii namtumia Moraa aisome. Hukumdanganya mtu yeyote kanisani, ulisema ulichohisi. Aliyepaswa kujua zaidi ni mimi.

Pumzika, mke wangu. Nyumba ni kubwa mno bila kicheko chako.

Mumeo,
Baba Moraa

Moraa, mwanangu, jino lililonyamaza ndilo lililomuua mama yako. Nenda kwa daktari wa meno leo.