Gari ya Mama Naeema

Doha, 9 Februari 2025

Nyaminwa Sheryl, dada yangu mpenzi,

Pokea salamu kutoka huku ambako joto limeanza kurudi. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kidogo. Nyinyi huko Asembo Bay mko vipi? Akello ameendeleaje?

Tangu uniambie ulivyompeleka binti yako kwa bodaboda mpaka Ndori kutafuta matatu, mifupa ikimuuma na mvua ikiwapiga, chakula hakinipiti vizuri. Huu ugonjwa wa selimundu hautangoja nirudi. Zile pesa nilizokuwa nawekea nyumba nimezituma kwako. Tafuta gari. Si ya kujionyesha, ni ya kumfikisha mtoto hospitali Kisumu.

Nunua kwa mwenyewe, usipitie kwa broka. Jina la kwenye logbook, ile hati ya gari, lifanane na la kitambulisho chake. Nenda na fundi, na muipandishe mlima. Tena usitaje kwamba una mgonjwa. Muuzaji akijua una haraka, bei inapanda.

Kakako,
Byron


Asembo Bay, 2 Machi 2025

Owadwa Byron, kaka yangu,

Sisi hatujambo, na Akello amerudi shule. Huo mgongo uukande na maji moto. Ujumbe wa benki ulinikuta nikianika dagaa wa omena, nikaketi hapohapo chini. Erokamano, asante sana. Nimelirudia hilo neno mpaka majirani wameuliza kuna nini.

Nimeanza kutafuta. Huko Kisumu, mtaa wa Manyatta, nilionyeshwa gari inayong'aa kama sahani mpya. Kijana aliyekuwa nayo alisema ni ya mjomba wake aliye Nairobi, eti nitume nusu ya pesa kwanza, kuna mtu mwingine anakuja kuichukua. Nikamwambia, "Mjomba akirudi, na mimi nitarudi." Nikaenda zangu.

Kisha nikampata Habiba, anakaa Kaloleni hukohuko Kisumu, watu humwita Mama Naeema. Mumewe alifariki mwaka juzi, gari ikaandikishwa upya kwa jina la Habiba mwenyewe. Ni ya kijivu, ina buti kubwa na viti safi. Nilienda na fundi Wandera wa Obunga, tukapanda mlima wa Riat, mimi kwenye usukani, Mama Naeema nyuma. Katikati ya mlima mshale wa joto ukaanza kupanda nao.

"Simamisha," Wandera akasema. "Rejeta imechoka, haipozi injini."

Mama Naeema akashika mdomo. "Wallahi sikujua! Mimi naenda nayo sokoni tu na kurudi."

Nilimwamini, lakini biashara ni biashara. Alitaka laki saba, mimi nikasema sita.

"Mwenzangu, hiyo sita haitoshi. Naeema ameanza chuo. Karo yake ndiyo hii gari unayoiona."

Tukaachana kwa salamu nzuri, kila mtu na chake mkononi. Je, nimekosea?

Dadako,
Sheryl


Doha, 7 Machi 2025

Dada Sheryl,

Mimi mzima, na nimefurahi Akello yuko shule. Hujakosea hata kidogo. Gari inayochemka ni ya kumwachia mwenyewe. Tafuta nyingine, na usichoke.

Kakako,
Byron


Asembo Bay, 11 Mei 2025

Owadwa Byron,

Natumaini u mzima. Nisamehe kwa kunyamaza, utaona sababu.

Mwezi uliopita Mama Naeema alinipigia simu. "Nimeweka rejeta mpya. Njoo uipandishe Riat tena." Ilikuwa siku ya kliniki, kwa hivyo nikaenda na Akello. Tulipanda mlima mpaka juu na mshale haukutikisika. Tukarudi kwake, akatupa chai na mandazi, mvutano wa bei ukaanza upya. Yeye hatoki kwenye saba, maana rejeta imemla pesa. Mimi sitoki kwenye sita.

Akello akaweka kikombe chini, akashika magoti. "Mama, maumivu yamekuja."

Mama Naeema alinitazama mimi, akamtazama mtoto. "Bei itangoja. Mbebe!" Aliendesha mwenyewe, mkono kwenye honi, akiwafokea wenye tuktuk mpaka mlangoni pa hospitali. Akello alilazwa. Yule mama alikaa nasi mpaka jioni, na kesho yake akaja na uji.

Sasa sikia maajabu. Siku ya tatu nilimwambia, "Nitalipa saba."

"Sita," akasema.

"Mama Naeema, karo je?"

"Karo ina Mungu. Nikichukua saba kwa mama ambaye mtoto wake yuko kitandani, nitalalaje?"

"Na mimi nikikupa sita baada ya ulichonifanyia, nitaamkaje?"

Sauti zikapanda. Muuguzi akaja mbio akidhani tunapigana. Alipoelewa alicheka mpaka akashika ukuta. Tukamalizia kwa sita unusu, kila mmoja akinuna kwamba ameshindwa. Gari iko nje ya nyumba, na jina langu limeshaingia kwenye logbook. Akello ni mzima.

Dadako,
Sheryl


Doha, 16 Mei 2025

Nyaminwa,

Afya yangu njema, na mgongo leo sitautaja. Mimi ndiye niliyekuambia ufiche mgonjwa, kumbe yuko mtu ambaye akijua shida yako anapunguza bei! Barua yako niliisoma kwenye basi la kwenda kazini, nikapitiliza kituo. Msalimie Mama Naeema. Mwambie huku Doha kuna mtu anamwombea, na chuo kikifungua nitasaidia kidogo kwa ile karo. Asipokubali, mgombane tena.

Kakako,
Byron


Asembo Bay, 29 Juni 2025

Owadwa Byron, kaka yangu,

Sisi tuko salama, na natumaini nawe uko hivyo.

Juzi asubuhi Akello alishikwa tena. Nilimlaza kiti cha nyuma na blanketi, nikawasha gari. Tulifika Kisumu kabla maumivu hayajakomaa. Hospitalini wakamwekea maji na dawa, na saa nane mchana daktari akasema twende nyumbani. Nilidhani sikusikia vizuri, maana nilizoea alazwe, nikamuuliza tena.

Tulirudi polepole. Pale Holo nikanunua ndizi, Akello akala mbili, kisha akaanza kunisimulia habari za mwalimu wao mpya ambaye viatu vyake vinalia darasani. Kaka, barabara hiyo nimepita na mtoto huyu mara nyingi, lakini sikuwahi kumsikia akipiga hadithi njiani. Aliongea mpaka nyumbani. Nilipozima gari alikuwa bado hajamaliza, basi tukabaki tumeketi humo ndani mpaka akamaliza.

Dadako,
Sheryl