Kitanda cha Mbao za Madirisha

Jumapili, jioni. Agosti ya Joburg haibadiliki: baridi kavu, upepo toka asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno. Nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, kwa sababu pale nilipozoea kukaa, pembeni ya kitanda cha Salma, hakuna kitanda tena.

Wanaonifuata humu kwenye blogu wamezoea habari za madirisha. Leo siandiki somo. Leo naandika aibu yangu.

Kwa mgeni: mimi ni seremala, mtu wa Korogwe, tumepanga chumba hapa Jeppestown na mke wangu Mwajuma na mtoto wetu mmoja, Salma, miaka miwili na nusu. Kazi yangu ni madirisha ya kizamani ya mbao, yale ya kupandisha na kushusha, yaliyojaa kwenye nyumba za mtaa wa Kensington. Ndani ya fremu kuna kamba, kamba inapita juu kwenye kapi, na mwishoni mwake unaning'inia uzito wa chuma usiouona. Kamba ikikatika dirisha linakushukia vidoleni. Watu wakiumia mara moja wanalipiga misumari, wanapaka rangi juu ya rangi, basi, limekufa. Mimi ndiye wa kulifufua. Nilikuwa najisifu kwa kazi hiyo, sitaficha. Nilijiona daktari.

Miaka miwili iliyopita niliitwa kwa Mama Thandi. Ni mama wa Kitanzania, aliolewa kule Morogoro na mwanaume wa huku aliyekimbilia kwetu wakati wa harakati za kupinga ubaguzi. Uhuru ulipopatikana wakarudi wote, mume akafariki, yeye akabaki na nyumba yenye madirisha kumi na manne, yote yamegoma. Siku ya kwanza alinikalisha jikoni, akanimiminia chai ya tangawizi, akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Rangi ile ya zamani ina madini ya risasi, ni sumu, marehemu mumewe aliambiwa hivyo na fundi mzee. Nisiikwangue kavu. Niiloweshe kwanza, nitandike nailoni chini, nivae barakoa, na ovaroli niiache hapo hapo kwake, nisirudi nayo kwa mtoto mchanga.

"Mwanangu, vumbi hilo halitoki kwa kukung'uta," aliniambia.

Nikaitikia, sawa mama. Alipotoka kwenda kanisani nikawasha mashine ya msasa.

Kulowesha kunachosha, wenzangu mnajua. Mbao inavimba, unasubiri ikauke, siku inaisha hujamaliza hata dirisha moja. Kwa mashine, kavu kavu, mpaka saa sita mchana umeshamaliza na vumbi jeupe limekujaa mpaka kwenye kope. Jioni nilikung'uta ovaroli hapa mlangoni, Mwajuma akaifua kwenye beseni moja na nguo za Salma. Sikumwambia lolote. Nilimwona Mama Thandi kama wazee wengine wenye hofu nyingi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema. Mimi guu langu zima kabisa.

Madirisha matatu kule hayakuponyeka, mbao za chini zilikuwa zimeoza. Mama Thandi akasema nikayatupe. Nani atatupa mbao ile? Paini ya Oregon, ya miaka mia, nzito, ina harufu tamu ukiipitisha randa. Nikakata sehemu nzima nikamtengenezea Salma kitanda. Alikuwa na miezi minane. Nilikiunga bila msumari hata mmoja. Rangi ya zamani niliiacha makusudi kwa sababu ilikuwa nzuri, nyeupe iliyochakaa, chini yake rangi ya maziwa, chini yake kijani. Kingo tu nilizipiga msasa zisimchome. Nilizipiga humu humu ndani, yeye amelala kwenye kanga pembeni.

Picha ya kitanda niliiweka kwenye blogu hii. Mlinisifu sana. Niliisoma sifa ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Salma alikipenda. Kila jioni nikiingia namkuta amesimama, ameshika mbao ya juu kwa mikono miwili, anaing'ata huku ananitazama. Meno yalikuwa yanaota. Tulicheka, Mwajuma alikuwa anamwita panya wa baba.

Alipofika mwaka na nusu alikuwa na maneno yake: baba, maji, toka, na "disha", maana yake dirisha. Mwaka huu maneno yakaanza kupungua. Sikujua kwamba neno la mtoto linaweza kupungua. Tumbo likawa linamuuma, choo hapati siku tatu, chakula anasukuma. Kliniki walitupa dawa ya minyoo, tukarudi wakatupa tena. Jirani mmoja akasema ni jicho la watu, Mwajuma akamsomea na kumpulizia. "Disha" ikapotea mwezi wa sita. Wiki iliyopita akadondoka akatetemeka, tukakimbilia hospitali, wakampima damu.

Majibu yalitoka Jumanne. Madini ya risasi.

Sista, muuguzi wa pale, alikuwa mpole, alitukalisha akauliza moja moja. Mtoto anakula nini, maji ya wapi, amewahi kulamba betri. Akamuuliza Mwajuma kama wakati wa mimba alikula udongo. Alikula. Wanawake wengi wa kwetu wanakula, na huku unauzwa sokoni, vipande vya kijivu kwenye nailoni. Hata baada ya kujifungua hakuacha, kipande hakikosi kwenye mkoba wake. Sista akaweka kalamu chini, akasema udongo mwingine una madini hayo hayo. Mke wangu alitoa kile kipande mkobani akakiweka mezani kama mwizi aliyekamatwa.

Kisha sista akanigeukia mimi. Kazi yako?

Seremala, nikasema.

Seremala wa nini?

Nikasema makabati ya jikoni. Sijawahi kutengeneza kabati la jikoni tangu nivuke mpaka wa nchi hii. Mwajuma alinitazama mara moja akanyamaza, nadhani alidhani naogopa mambo ya vibali. Kumbe namwogopa yeye. Neno risasi lilipotajwa tu, mimi nilishaona kitanda. Sikuhitaji kufikiri.

Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Siku zote hizo mke wangu analala kwenye kiti pembeni ya mtoto na anajiona muuaji, na mimi naleta uji kwenye chupa. Alhamisi mama yangu alipiga simu toka Korogwe. Alikuwa ameshasikia habari ya udongo, na mama yangu ulimi hana breki. Alimwambia Mwajuma amempa mjukuu wake sumu kwa ulafi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Mwajuma alijibu, "Ni kweli, mama. Nisamehe." Akanirudishia simu, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaniuliza kama nimekula.

Nilimwambia nimekula. Hilo ndilo nililoweza kusema.

Jana daktari alisema dawa ya kutoa madini inafanya kazi, lakini yaliyopotea kichwani hawezi kuahidi kwamba yatarudi yote. Kwa kuwa udongo umeshatupwa, Jumatatu wanaweza kumruhusu. Jumatatu ni kesho. Kurudi wapi? Kurudi humu, kwenye kitanda kile, kwenye zulia hili, kwenye vumbi nililolikung'uta kwa mkono wangu.

Nikapanga. Naandika hili ili lisije likanitoroka: nilipanga. Nikivunje kitanda asubuhi, nimwambie Mwajuma kilikuwa na kunguni. Nideki chumba. Mtoto apone, udongo ubebe lawama, na mimi nibaki fundi.

Leo asubuhi nikaanza kukifungua. Kilikataa, maana nilikiunga vizuri. Nilipofika kwenye mbao ya juu ndipo nikaona meno. Si kwamba sikuwahi kuyaona, nilikuwa nayaona kila siku. Ila leo nilipiga magoti yakawa usawa wa macho yangu. Alama ndogo ndogo, mstari mzima, nyeupe imekwisha, maziwa imekwisha, kijani imekwisha, mpaka mbao yenyewe. Amekula rangi ya miaka mia, mwanangu, akinisubiri nirudi toka kazini.

Nililia kwa sauti. Chumba cha pili walizima redio.

Nikabeba mbao nje. Uani Mzee Sithole, jirani yetu, alikuwa ameshawasha moto kwenye pipa lake, na watu wawili wanaota. Akanyoosha mkono apokee kuni. Nikamkatalia. Akanicheka, eish, Mtanzania, baridi hii unatunyima mbao mbovu? Ingekuwa rahisi kumwachia. Ingeungua ikaisha, na kitanda kingesahaulika. Lakini moshi wa rangi ile nao ni sumu, na wao wangeuvuta huku wananishukuru.

Nikamwambia mbao ina sumu. Ndiyo mara ya kwanza neno hilo lilitoka mdomoni mwangu.

Mzee aliziangalia zile mbao muda, akaona zilivyochongwa, akaona meno. Akaniuliza kwa Kizulu chake cha taratibu, "Mtoto ulikuwa unamlaza humo?"

Niliitikia kwa kichwa. Akaondoka pale kwenye pipa, akarudi na nailoni kubwa nyeusi na utepe wa gundi, tukazifunga pamoja. Tulipomaliza nikanawa mpaka viwiko, nikavaa nguo nyingine, nikaenda hospitali kwa miguu. Nilipita robot zote, taa za barabarani, bila kuziona, dereva mmoja alinitukania mama yangu.

Mwajuma alikuwa anamsuka Salma. Nilimwambia pale pale nimesimama, nikaanza na Mama Thandi, nikaja ovaroli, nikaja kitanda, nikaishia na makabati ya jikoni. Hakunikatiza. Alimaliza msuko mmoja, akaufunga na uzi, ndipo akainua macho.

"Ulijua toka Jumanne?"

"Nilijua."

"Nikapokea simu ya mama yako, na wewe unajua."

Nikasema ndiyo. Nilitegemea anipige. Ningependa anipige. Akaanza tena kusuka, vidole vyake haviendi vizuri, anafumua anarudia. Akasema bila kunitazama, "Kamwambie sista. Mwenyewe, kwa mdomo wako. Halafu mama yako utampigia mbele yangu, na mimi nitasikiliza."

Sista alikuwa mwingine leo, si yule wa Jumanne. Nilimweleza yote. Aliandika ukurasa mzima, akauliza kama Mwajuma na mimi tumepimwa, akasema tutapimwa. Kesho Salma hatoki. Mpaka chumba kikaguliwe na kusafishwa kwa maji, si kwa ufagio, na zulia na godoro visirudi. Alivyokuwa anasema ni yale yale ya Mama Thandi, karibu neno kwa neno, kwa Kiingereza.

Sasa hili ni la wasomaji, na msilipite. Picha ya kitanda nimeiondoa. Kuna ndugu wa mtaa wa Mayfair aliniandikia mwaka jana kwamba ameiga, amemtengenezea mwanawe. Sina namba yake, na anwani yake ya barua pepe haifanyi kazi, nimejaribu leo mara tatu. Ndugu yangu, kama unasoma, mtoe mtoto kitandani kwanza, kisha umpeleke apimwe damu, usingoje aumwe. Usikichome. Usikipige msasa. Nawe fundi unayekwangua kavu kwa sababu niliwahi kuandika humu kwamba maji yanachelewesha, niliandika upuuzi. Lowesha. Na nguo za kazi ziishie kazini.

Kwa Mama Thandi nitakwenda wiki hii. Madirisha yake kumi na moja nimeyapiga msasa kavu, na wajukuu wake wanamtembelea Jumapili. Leo ni Jumapili. Nimempigia, hakupokea, labda yuko kanisani. Nitampigia tena.

Mimi na Mwajuma hatukuagana. Alisema kesho nije na kanga mbili safi, zisiwe za hapa nyumbani, nikanunue mpya. Nilipofika mlangoni mwa wodi nikageuka. Salma alikuwa amesimama, ameshika chuma cha kitanda cha hospitali kwa mikono miwili, amekiuma kwa meno, ananitazama.

Alidhani nimerudi toka kazini, kumbe ndiyo nilikuwa naondoka.

Kesho saa nne nampigia mama, Mwajuma akiwa pembeni. Nimekaa hapa toka jua lizame natafuta sentensi ya kuanzia, na kila ninayoipata inaanza na udongo. Itabidi ianze na mimi.