Inspekta wa Kwemsanja

Kijiji cha Kwemsanja,
Handeni.
Tarehe 9 Aprili, 1978.

Mpendwa mwanangu Zamda,

Marahaba kwa shikamoo yako. U hali gani, na mtoto je? Mumeo Mdoe na kazi yake ya reli anaendeleaje? Sisi huku hatujambo, ila mama yako mdogo Chausiku anasumbuliwa na goti, na mvua za mwaka huu zimetuloanisha mpaka magodoro.

Barua yako ilifika Jumatano. Chausiku alipiga vigelegele kusikia mmepata mtoto wa kiume, akataka niisome tena, nikaisoma tena. Pale uliposema kuwa siku ya arobaini mtamtangazia jina la Mhina, jina langu, kwa sababu nilimtunza baba yako mpaka mwisho, sikupasoma kwa sauti mara ya pili. Nilimwambia macho yanauma.

Umeniuliza pia kama bado nasikiliza ule mchezo wa redio wa mahakamani, kwa kuwa na nyie Tabora mnausikiliza. Unasema wewe unampenda Hakimu Tulia anavyokohoa kwanza ndipo aseme "Tulieni." Hapa kijijini wanawake wote walikuwa mashabiki wa Bi Karani. Mimi nilikuwa wa Inspekta Mkasi, mwendesha mashtaka, yule wa "Ndiyo au siyo!" Baba yako Isihaka, labda hukujua, alikuwa wa Mzee Babaika, yule shahidi mwenye kigugumizi. Yeye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, na ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote. Alikuwa anasema, "Hu-huyu ndugu yangu."

Mimi siusikilizi tena. Sasa nitakwambia kwa nini. Ukae chini, na mtoto umpe mtu mwingine.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita, mahindi ya shamba la kijiji yamebeba. Nyani walikuwa wengi, kwa hiyo tulipangiana zamu za kukaa kwenye dungu na kombeo. Orodha ya zamu niliandika mimi kwenye daftari, kwa penseli. Jumapili moja baba yako alikaa tangu alfajiri, na saa nane mchana nilitakiwa nimpokee. Saa kumi mchezo unaanza. Nikasema moyoni, nikishasikia kesi ya leo nitakwenda.

Saa tisa na nusu akaja mwenyewe kunitafuta. Alinikuta mbele ya duka la ushirika, nimeshashika nafasi karibu na redio. Akaniambia, "Mhi-Mhina, zamu yako." Nikamjibu, "Nakwenda sasa hivi, kaka. Wewe nenda nyumbani ukale." Akaniamini, akaenda kula. Mimi nikakaa. Aliyesikia maneno hayo ni mtu mmoja tu, Mashavu wa Mashewa, mtani wetu, alikuwa hapo anauza vyungu.

Mchezo ulipokwisha, nyani walikuwa wameshamaliza. Walivunja hata yale ambayo hawakuyala.

Usiku ule sikusema kitu. Asubuhi nikachukua raba nikafuta jina langu, nikaandika Isihaka, kutwa nzima. Niliandika vizuri, Zamda. Mwandiko wangu unaujua.

Jumanne tukaitwa barazani. Mwenyekiti wetu Sadala alimwambia baba yako ajieleze. Akaanza, "Mi-mi-mimi..." Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Babaika ameingia kizimbani!" Watu wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Inspekta yuko wapi? Inspekta, mtoe maneno huyo!"

Wananiita mimi. Nilikuwa nimevaa lile koti jeusi la babu yako. Nikasimama, nikaweka mikono nyuma, nikaanza kutembea mbele yake kwenda na kurudi. Mkasi yumo redioni, hakuna aliyemwona anavyotembea, ule mwendo niliutunga mwenyewe.

Nikamuuliza, "Uliondoka shambani?"

"Ni-nilikuja ku-ku..."

"Ndiyo au siyo!"

"N-ndiyo."

"Nyani wakaingia. Ndiyo au siyo!"

"Ndiyo, la-lakini..."

"Lakini hatuijui hapa, mzee. Wewe ulikwenda kula ukashiba. Watoto wa kijiji hiki wale mabua?"

Walipiga makofi. Sitakudanganya, nilisikia raha. Maisha yangu yote sijapigiwa makofi kama yale.

Baba yako akaomba daftari. Unajua alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima, na neno la kwanza kulijua lilikuwa jina lake. Akaweka kidole juu ya karatasi, akasema, "Ha-hapa pa-pamefutwa." Ndipo nikasema, "Haya, tumepata profesa! Juzi tu ulikuwa unaimba a, e, i, o, u, leo unatukagulia daftari?" Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia yake. Daftari likarudi kwangu.

Baba yako akaniangalia, mwanangu. Alikuwa na neno moja tu la kusema, "Mhina," na jina langu halikuwa likimpa shida sana. Hakulisema. Mpaka leo sijui kama ulimi ulimkataa au mwenyewe alikataa.

Wakaamua alinde peke yake, bila kupokewa, mpaka mavuno. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali.

Alikaa huko wiki sita, mvua juu yake. Chausiku ndiye aliyepeleka chakula. Watoto wakipita wanamwita, "Babaika! Ndiyo au siyo?" na wanamrushia magunzi. Siku moja nilipita njia ile nikawasikia. Nikageuza njia.

Homa ilipomshika, Chausiku ndiye aliyemkuta. Tukambeba kwa kitanda mpaka barabarani, tukapata lori la mkonge linalokwenda Korogwe. Nilikuandikia kwamba alikufa mikononi mwangu, na hiyo ni kweli. Tulikuwa tumeshafika Korogwe ya zamani, mto unaonekana. Akafungua macho akaniuliza, "Le-leo Jumapili?" Nikasema ndiyo. Akasema, "U-utakosa mchezo wako." Hakusema lingine.

Sijui alikuwa ananionea huruma au ananichoma. Nimelala na neno hilo miaka miwili. Nadhani alikuwa ananionea huruma, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Mazishini watani walikuja kufanya utani wao kama kawaida. Mmoja akalala chini akijifanya marehemu. Mashavu akavaa lile koti langu, alilikuta limetundikwa, akaanza kutembea mwendo wangu, kwenda na kurudi. "Ndiyo au siyo! Ndiyo au siyo!" Na marehemu anajibu, "N-n-ndiyo!" Watu walicheka huku wanalia. Halafu Mashavu akasimama mbele yangu, ndani ya koti langu, akasema kwa sauti ya utani, "Na wewe Inspekta, ulimwambia kaka yako, nenda ukale, mimi nakwenda sasa hivi. Ndiyo au siyo?"

Watu wakacheka tena, wakadhani ni mchezo. Chausiku hakucheka. Mimi nikacheka kwa nguvu, nikawapa watani kuku wao ili wamalize, na wakamaliza. Mashavu alivua koti akanikabidhi bila kuniangalia. Tangu siku hiyo hajaleta vyungu hapa.

Ndiyo hivyo, Zamda. Hakuna polisi atakayekuja kwa sababu ya nyani. Juzi nilikwenda kwa Sadala na daftari, nikamwonyesha palipofutwa. Akaniambia, "Yamepita hayo, Inspekta, usituchafulie kijiji." Bado wananiita hivyo, na wananiita kwa mapenzi.

Sasa nakuomba. Usinitumie ile tiketi ya treni uliyoniahidi. Arobaini ya mtoto ni tarehe 30, barua hii itafika kabla. Mtoto msimpe jina langu. La baba yako mkitaka kumpa ni lenu, mimi sina la kusema hapo. Ila atakapokuwa mkubwa akiuliza kwa nini hakuitwa Mhina, mwambieni.

Daftari nimelifunga pamoja na barua hii. Ukurasa ni wa katikati. Liweke kwenye mwanga, utaliona jina langu chini ya la kwake, penseli iliacha alama.

Msalimie Mdoe na mama mkwe wako. Chausiku anakusalimu sana, na yeye hajajua ninayokuandikia, ingawa nadhani anajua. Mungu akulindie mtoto, akukuzie, na amjalie ulimi mwepesi.

Siombi unijibu. Ukijibu, neno moja litatosha, na lolote nitalipokea.

Ni mimi ninayekupenda na nisiyestahili kukwambia,
baba yako mdogo,
Mhina