Kuutua Mtungi

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba, mama. Mbuzi mweupe amezaa pacha. Nyumba imekuwa kubwa mno tangu babu yako afariki.

Unauliza kwa nini mwalimu wako wa baleti hajakuruhusu kuvaa viatu vya kusimamia ncha za vidole, na wenzako tayari wanavyo.

Wakati wa Mjerumani, dada yangu alipoolewa, nilitamani kubeba mtungi mkubwa pamoja na wasichana waliopeleka maji arusini. Nikajitwika, nikapanda kilima bila kuushika. Bibi yangu akacheka.

“Hata mbuzi hupanda. Haya, utue tuone.”

Nilipochuchumaa, vifundo vya miguu vilitetemeka, maji yakanilowesha.

“Bado, mama. Arusi hii utabeba kata ya kuchotea.”

Nililia. Mavuno yaliyofuata niliutua bila tone kumwagika, lakini arusi ilikwisha kupita.

Nadhani mwalimu wako naye anaangalia unavyoshuka.

Babu yako ndiye aliyekuwa akinitua mtungi mlangoni. Siku hizi nautua mwenyewe, polepole, halafu nageuka kutazama kama kuna aliyeniona.

Bibi yako,
Handeni